Mwenyeji wa Kuazimwa

Dismasi hakuwa mtu wa Meru. Alizaliwa Unyanyembe, akafika Arusha na mzigo wa misumari begani, katika msafara wa wapagazi walioleta vifaa vya kujengea boma la Wajerumani. Homa ikamwangusha kando ya Mto Themi, na msafara ukamwacha hapo hapo. Mzee Simel, Mwarusha mwenye ng'ombe na migomba upande wa Lemara, alimkuta kichakani, akamnywesha maziwa na dawa chungu ya magome mpaka akasimama tena.

Miaka ikapita. Dismasi akajifunza Kimaasai, lugha ya Waarusha, akamwoa Nasieku, binti wa Simel, akapewa kipande cha shamba kilichogusa mto. Hata hivyo watu hawakuacha kumwita ormeeki, mtu wa kabila la mbali, na ng'ombe akipotea, wa kwanza kuulizwa alikuwa yeye. Akazoea kujieleza kabla hajaulizwa.

Siku hizo serikali ilikuwa imekwisha kuwagawia walowezi ardhi ya ng'ambo ya mto, ambako Simel alilisha mifugo yake tangu ujana. Walowezi hao walikuwa Wajerumani waliohama kutoka nchi ya Urusi. Halafu akaja Mzungu mwingine, asiye mkulima wala askari, na sanduku la miguu mitatu lenye mkono wa kuzungusha. Mkalimani wake, Efraimu, aliwaeleza wazee kwamba sanduku lile linanasa watu wakitembea, na huko Ulaya wataonekana ukutani, wanatembea vile vile. Bwana alitaka kuonyesha walowezi wanavyofika, na wenyeji wanavyowapokea.

"Wamefika zamani," Simel alisema. "Nani aliwapokea?"

Akageuka akaenda kwa ng'ombe wake. Hakuna Mwarusha aliyekubali kusimama mbele ya sanduku.

Efraimu akamwendea Dismasi shambani.

"Wewe huogopi sanduku. Utamkabidhi bibi mmoja kibuyu cha maziwa na majani mabichi mkononi, basi. Msimu huu wote hutaitwa kazi ya barabara."

"Mimi si mwenyeji wa hapa."

"Nani atajua?"

Dismasi alijua kwamba kwa Waarusha majani mabichi ni amani, ni kiapo, si kitu cha kuchezea. Lakini mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na mawe ya barabara ya mwaka uliotangulia. Usiku alijigeuza kwa kushikwa mkono na mkewe. Akakubali, na hakumwambia mtu.

Siku ilipofika, kando ya mto upande wa Simel, walimpaka mafuta mekundu, wakamvika ngozi. Masikio yake hayakuwa yametobolewa, kwa hiyo hereni zikaning'inizwa kwa uzi. Gari la ng'ombe lilirudishwa nyuma, likaambiwa lije upya kana kwamba ndiyo kwanza linafika. Juu yake alikaa Bibi Katarina, mke wa mlowezi mmoja, amevaa nguo ya Jumapili. Mwenye sanduku alipokuwa akihangaika na miguu ya sanduku lake, akiigeuza huku na huku, bibi yule aliinama akamuuliza Dismasi kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Wewe mtu wa hapa?"

"Hapana, bibi. Natoka Unyanyembe, mbali sana."

Aliziangalia zile hereni za uzi. "Siku sisi kuja, hapana mtu kuleta maziwa. Mvua tu. Mtoto wangu kufa ndani ya gari hii. Leo bwana anasema, cheka."

"Na utacheka?"

"Mume wangu anataka. Ndugu zake huko wataona. Watakuja."

"Wangapi? Watakaa wapi?"

Mwenye sanduku akainua mkono. Bibi Katarina akacheka. Dismasi akaenda mbele. Akatoa maziwa. Akatoa majani.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Simel alikuwa ameketi na wazee wenzake.

"Ulitoa majani ya nani?"

"Ya kando ya mto, baba."

"Mto wa nani?"

Dismasi akajifuta mafuta mekundu usoni.

"Mtu akitoa majani," Simel alisema, "anatoa kwa niaba ya watu walio nyuma yake. Wewe nyuma yako alikuwa nani?"

"Ulikuwa mchezo tu, baba. Hata hereni zilifungwa kwa uzi."

"Kama ni mchezo, mbona wenzako wako barabarani na wewe umekaa?"

Nasieku alimwekea chakula, akaketi mbali naye. Baadaye akauliza, bila kumtazama, "Wangekuambia useme mimi si mke wako, katika mchezo huo, ungesema?" Dismasi alisema hapana. Mkewe aliinua chombo kitupu akatoka.

Masika yaliyofuata wapimaji wa ardhi walivuka mto, wakapigilia vigingi upande wa huku, karibu kabisa na migomba ya Simel. Hakuna aliyemshtaki Dismasi waziwazi. Alipokaribia tu, mazungumzo yalikatika.

Kisha mwenye sanduku akarudi na picha zake. Alizionyesha katika ghala la Mhindi mmoja karibu na boma, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Dismasi alimbembeleza Efraimu mpaka yeye na Simel wakaruhusiwa kusimama nyuma, pamoja na wapishi.

Kitambaa kikang'aa. Wakauona mto, na gari likija. Simel alisogea mbele, akipapasa hewa kwa fimbo.

"Migomba yangu iko wapi? Nyumba zangu ziko wapi?"

Nyuma ya gari palikuwa na nyika tupu. Hapo Dismasi akaelewa kwa nini miguu ya sanduku iligeuzwa sana siku ile. Maandishi yakatokea, na Efraimu akayasoma kwa sauti ya chini: "Nchi isiyo na watu inapata wenyewe."

"Na huyu mwenye maziwa?" Simel aliuliza. "Ametoka wapi?"

"Wameandika ni mwindaji, anapita njia."

Kwenye viti vya mbele Bibi Katarina alijiona akicheka. Alijifunika mtandio, akatoka kabla picha hazijaisha.

Walipofika mtoni, Simel alisimama.

"Kwa hiyo hukuwapa kitu. Hata ungetaka, machoni pao hapa hakuna mtu wa kuwapa."

"Ndiyo, baba."

"Nini kingine ulikijua siku ile?"

Dismasi alivuta pumzi, akamwambia yote: ndugu wa Urusi watakaoona picha ile, na kuja. Mzee aliyatazama maji.

"Ungesema mapema," alisema, "tungehamisha ng'ombe kabla ya vigingi."

Kesho yake waliwahamisha, wakapanda nao mlimani kutafuta malisho ya juu. Simel alimweka mkwewe atangulie na kundi. Yeye mwenyewe alifuata nyuma, ambako angeweza kumwona vizuri.