Mapacha wa Zamu

Harufu ya saruji mbichi bado inanitia simanzi. Wengine wakiisikia hufurahi, maana ni dalili kwamba kuna mtu anajenga, lakini mimi ikinipitia puani narudi Kibamba, kwenye nyumba ya Shangazi ambayo ilikuwa haijaisha, kwenye chumba chenye kuta zisizopigwa lipu na dirisha lililozibwa kwa kipande cha bati. Masika yalipoanza kuta zile zilikunywa maji mpaka zikabadilika rangi, na nguo zangu, madaftari yangu, hata mkate wa asubuhi, vyote vikanuka saruji. Kutoka kitandani nilisikia malori yakiipanda Barabara ya Morogoro kwa kugugumia. Baba alikuwa dereva wa malori ya kwenda Kongo, tukimwona kwa nadra, na mimi nilitega sikio kama kuna lori litakalopunguza mwendo mbele ya nyumba. Hakuna lililopunguza. Nilikuwa darasa la tatu, na kitanda kilinizidi ukubwa, kwa sababu tangu nizaliwe sikuwahi kulala peke yangu.

Naitwa Kulwa. Kwetu jina hilo halimtoshi mtu mmoja: pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata huitwa Doto, na kila mtu anajua hivyo. Kwa hiyo ukishataja jina lako, swali linalofuata halikwepeki. Mwalimu wa shule mpya aliniuliza mbele ya darasa, "Haya, na Doto yuko wapi?" Muuza maandazi akaniuliza. Wanakwaya wenzake Shangazi wakaniuliza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza. Nikawa najibu kwamba Doto, kaka yangu, yuko Kimbiji kwa Bibi, na Mama yuko Uchina. Siku ile darasani mwalimu akataka kujua Mama anafanya nini huko. Nikasema anatunza panda. Darasa zima likaangua kicheko, na mvulana mmoja akarukia juu ya dawati akipiga kelele, "Panda! Na wewe panda!" Tangu hapo kila nilipopita karibu na mti hakukosekana wa kuniamuru nipande. Nilijifunza kucheka pamoja nao, kisha nikifika nyumbani nalia nyuma ya tangi la maji.

Mama alikuwa daktari wa mifugo. Tulikuwa tumepanga Temeke, yeye, mimi na Doto, na mbali na ng'ombe na kuku wa watu aliitwa mara kwa mara kwenye bustani ndogo ya wanyama yenye simba mmoja mzee na nyani wengi watundu. Akapata ufadhili wa kwenda kusomea utunzaji wa wanyamapori, na sehemu kubwa ya mafunzo ilikuwa kwenye kituo cha kuzalishia panda. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa na duka la kushinda nalo na nyumba ya kumalizia. Akasema mtoto mmoja atammudu, wawili hapana. Bibi mzaa mama, kule Kimbiji, miguu ilikuwa inamsumbua. Naye akasema vivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Siku ya kutugawa Doto alilia. Mimi sikulia, kwa sababu nilidhani ni jambo la wiki moja.

Jumamosi asubuhi Shangazi alinunua bando, akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kanga, akanikabidhi. Uso wa Mama ulikuja kwa vipandevipande, ukaganda mdomo wazi, kisha sauti ikafuata. Simu ya Bibi ilikuwa ya tochi, kwa hiyo Doto alipata sauti tu, picha zote nilizipata mimi. Mama alinionyesha panda aliyekaa kitako kama mtu aliyechoka na kazi, akimenya mianzi bila haraka. Nikamwuliza kwa nini wasimwache porini. Mama hakuwa mtu wa kumjibu mtoto kitoto. Akaniambia misitu yao imekatwakatwa, kati ya kipande na kipande kuna mashamba na barabara, na dume aliye huku hamfikii jike aliye kule. Tena jike mwenyewe anakuwa tayari kupata mimba siku chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana bustani za wanyama, za Uchina na za nchi nyingine, zinawatunza, zinawatafutia wachumba wasio ndugu, zinawazalisha, na baadhi ya watoto wanafundishwa kuishi msituni ili warudishwe. Neno wachumba lilimfurahisha sana Shangazi, akawa analirudia dukani.

Kisha akanieleza habari za mapacha. Panda mara nyingi huzaa wawili. Mtoto wake akizaliwa ni mdogo kama panya, haoni, manyoya yenyewe ya kutafuta. Porini mama humlea mmoja na kumwacha mwenzake, kwa sababu hamudu wawili. Kituoni hawakubali huyo wa pili apotee. Mmoja anakaa na mama, mwingine anawekwa kwenye kisanduku cha joto kama kile cha watoto njiti hospitalini. Baadaye mtunzaji anamletea mama bakuli la maji ya asali, na wakati amezama kulilamba, wanamchukua mtoto aliye naye na kumpa yule mwingine. Mama wa watu analea wawili na anajua anaye mmoja.

"Kwa zamu," Mama alisema. "Sasa huyu, baadaye yule. Wote wanapata maziwa, wote wanaishi."

Alisema kwa fahari, na mimi nikaona wivu. Ukazidi alipotuma picha yake akiwa amevaa vazi zima la panda, kichwa hadi miguu, lililopakwa mkojo wa panda. Watoto watakaorudishwa msituni hawatakiwi kuzoea sura wala harufu ya watu, kwa hiyo watunzaji wao huvaa hivyo. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani wifi yangu! Kageuka zimwi!" Mimi niliitazama ile picha nikitafuta mahali pa kumtambulia, jicho, mkono, namna ya kusimama, nikakosa. Kifuani alikuwa amempakata mtoto wa panda. Nilimchukia mtoto yule kwa moyo wangu wote, na sioni aibu kusema hivyo, maana nilikuwa na miaka tisa na yeye ndiye aliyekuwa amepakatwa.

Lakini maneno yale ya zamu yalibaki kichwani. Nilikuwa nikilala upande mmoja wa kitanda, upande wa ukutani nimemwachia Doto, na nikawa nawaza wale wawili wanavyobadilishwa. Nilivyoelewa mimi, huwezi kubadilisha vitu viwili bila kuvikutanisha. Nilimwona mtunzaji akiwa na mtoto mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, na kwa dakika hiyo, kabla hajawatenganisha tena, wale wawili wanagusana. Dakika hiyo ndiyo niliyoitaka. Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Mama, na sie mtubadilishe. Mie niende kwa Bibi, Doto aje huku." Akasema ataongea na Shangazi na Bibi.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, wakakubali. Shangazi alinisuka nywele zikanivuta mpaka macho, akanifungia nguo kwenye mfuko wa rambo. Mimi nilifungasha habari: ya mvulana wa juu ya dawati, ya wachumba wa panda, ya lile bati la dirishani linavyopiga kelele mvua ikinyesha. Nilizipanga ipi nianze nayo. Kivukoni tulisimama ubavuni, na katikati ya maji kivuko kilichotoka Kigamboni kikatupita kimejaa watu, mabaiskeli na matenga ya kuku. Watoto wa kule wakapunga mikono. Nami nikapunga, kama watoto wafanyavyo. Baada ya hapo ilikuwa barabara ya mashimo na vumbi mpaka Kimbiji, na Shangazi akilalamika mgongo njia nzima.

Bibi alikuwa kibarazani anakuna nazi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mke mwenzangu. Loo, umekuwa mrefu!" Nikapita ndani, nikatoka uani, nikachungulia kwenye banda la kuku, nikarudi. Halafu nikauliza swali lile ambalo watu wote walikuwa wakiniuliza mimi.

"Doto yuko wapi?"

Bibi akaacha kukuna. "Doto si kaenda Kibamba na mjomba'ko tangu asubuhi? Si nyie mlotaka mbadilishane?"

Mjomba alikuwa na nafasi Jumamosi ile, Shangazi naye alikuwa na nafasi Jumamosi ileile, basi wakapatana kwenye simu, kila mmoja apeleke wake. Kwao mambo yalikuwa yamekwenda sawasawa. Shangazi alikunywa maji, akaaga, akawahi kurudi. Nikabaki nimesimama na habari zangu zote.

Kwenye kitanda cha Doto, mto ulinuka moshi wa makumbi, na chini ya moshi ulinuka yeye. Juu ya mto kulikuwa na kijiti cha mpera chenye matawi mawili, kimemenywa gome vizuri mpaka kikawa cheupe. Bibi alinifuata akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kakuachia zawadi. Mie nilimwambia, panda ninayoijua ndo hii, ya kutilia mpira upige ndege. Na njia ikigawanyika mara mbili, hiyo nayo panda, njia panda. Huyo mnyama wa mama yenu mie simjui." Doto hakuwahi kuona picha hata moja. Alikuwa amenichongea panda aliyemwelewa. Na mimi kule Kibamba sikuwa nimemwachia chochote, hata karatasi. Ningemwachiaje, na nilijua nakwenda kumkuta? Niliwaza akiingia kwenye chumba kile cha saruji, akikuta upande wa ukutani uko wazi na hakuna mtu wa kumwambia kwamba ni wake.

Mama alipopiga nilimwuliza jambo moja tu. "Wale mapacha, huwa wanaonana?" Akajibu taratibu kwamba wakiwa wadogo hapana, lakini wakishakua kidogo, wakaweza kutembea, wote wawili hurudishwa kwa mama. Nikamwuliza sisi hatujaweza kutembea? Nilisikia anapenga kamasi. Shule ilipofunguliwa tulibaki hivyohivyo, mimi Kimbiji, Doto Kibamba, mpaka Mama aliporudi. Siku hiyo uwanja wa ndege tulikutana mbele ya mlango wa kutokea abiria. Doto alikuwa amenizidi kimo. Alisita, kisha akanipa mkono, kama anavyosalimiwa mgeni.

Sasa Mama anaishi Kipawa, ndege zinapita juu ya bati lake na hazimsumbui. Mwaka huu ng'ombe wa mtu alimpiga teke akamvunja nyonga, na tangu atolewe hospitali hawezi kukaa peke yake. Mimi na Doto tumejipanga vizuri. Wiki moja yangu, wiki moja yake. Jumapili tunapokezana: yeye anaondoka asubuhi kuwahi shughuli zake, jirani anakaa na Mama, mimi naingia mchana. Naikuta harufu ya sabuni yake bafuni na chai aliyoiacha kwenye chupa. Tunaandikiana kwenye simu: dawa zimebaki ngapi, gesi inaisha. Kile kijiti cha mpera ninacho, kimekuwa cha kahawia, na watoto wangu wakikiona wanauliza mpira wake uko wapi. Wao panda wanamjua vizuri kuliko nilivyomjua mimi, wanamwona kwenye simu kila wakitaka, anabingirika na mwenzake. Hakuna anayewacheka wakimtaja.

Jumapili iliyopita nilikuwa namgeuza Mama ubavu, akaangalia begi langu mlangoni, kisha viatu vya Doto alivyovisahau. "Nyie bado mnabadilishana tu," alisema. "Wale wa kule walirudishwa pamoja zamani." Hakusema kwa lawama. Alisema kama daktari anayetaja jambo aliloliona.

Nilitoka nje nikampigia Doto. Nikamwambia Jumapili inayofuata aje mapema, kabla sijaondoka.

"Kuna nini? Mama kazidiwa?"

"Hajazidiwa. Njoo tu nikiwepo."