Wimbo wa Chumvi ya Bibi

Asifiwe Mungu aliyeyaacha masikio yangu mazima hata magoti yalipochoka, maana Jumamosi iliyopita masikio hayo yalinirudisha utotoni bila nauli.

Nilialikwa kuombea sherehe ya kituo chetu cha sanaa na utamaduni. Viongozi wake, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, walikuwa wamezama kwenye makochi chini ya turubai, soda mbele yao. Wachezaji walikuwa juani tangu asubuhi, wamevaa fulana zenye picha ya mwenyekiti kifuani. Ngoma ya babu zetu, sura ya mwenyekiti!

Ngoma ilipolia nikamkumbuka bibi yangu, aliyeongoza ngoma ya mavuno kwetu Mpimbwe. Hakuwa na kochi wala kipaza sauti. Mpunga ukishapigwa, makapi bado yanawasha shingoni, wanawake walipika wali mpya kwa dagaa wa ziwani kutoka Ikola, na harufu ilituita sisi watoto kutoka mtoni. Kisha ilikuja zamu tuliyoisubiri sana, ya kumwimba kiongozi. Alisimama katikati, akaimbwa makosa yake, naye sharti acheze. Akinuna, mwakani anaongoza mwingine.

Mwaka mmoja jirani yetu alianzisha: “Bibi, chumvi umeificha wapi? Dagaa wako wanalia, wanataka kurudi ziwani!” Bibi aliucheza wimbo ule mpaka kilemba kikaanguka. Kesho yake dagaa walikuwa na chumvi. Akatuambia, “Kiongozi asiyeimbwa huvunda kama maji ya mtungi uliosahauliwa.”

Kituoni, mwimbishaji ni binti wa jirani yule, sasa naye bibi. Tangu afiwe na mumewe, ngoma hiyo ndiyo inayomtoa ndani. Jumamosi alimgeukia mwenyekiti akaimba: “Mwenyekiti wa kivulini, jua letu unalijua? Shuka ucheze, sura yako inatoka jasho!” Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama mwenyekiti, nikitumaini atainuka. Akainuka kweli, lakini ni kunyakua kipaza sauti.

“Zima ngoma! Nani kamruhusu huyu mama?”

“Ni utamaduni, mwanangu. Si ndivyo mlivyoandika ukutani?”

“Utamaduni una utaratibu wake. Kuanzia leo hauko kwenye kikundi. Fulana uirudishe.”

“Nitaifua kwanza, mwanangu. Uso wako umelowa jasho langu.”

Katibu alimpigia bosi wake makofi. Mweka hazina akafungua soda nyingine. Wanajiita walinzi wa utamaduni! Sisi watoto tulilinda mpunga usiliwe na ndege, na bibi yangu asingewaamini hawa hata kwa kazi hiyo. Wangekaa kivulini, wakawahutubia ndege.

Nilipoitwa kufunga kwa sala, nikasema, “Bwana, hawa umewapa makalio ya kutosha. Wape na miguu. Amina.” Hakuna aliyecheka chini ya turubai.

Kisha nikamfuata mama yule, aliyekuwa akienda zake peke yake, nikauanzisha wimbo wa chumvi. Akaniitikia, machozi yakimtoka. Pale tulipokuwa tukipiga mpunga pamejengwa mashine ya kukoboa, na mavuno hupita bila mtu kuimbwa. Zamani uwanja mzima uliitikia. Jumamosi tulikuwa wawili tu.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie jirani wa kukuimba bila woga, na akupe moyo wa kuucheza wimbo wako mpaka mwisho.