Kibao Nilichokichoma

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kuukuu kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, huko upande wa Mavoko. Kijana aliyevaa ovaroli safi kuliko blauzi yangu alilipandisha kwenye jukwaa, akabandika vifaa vyake kwenye magurudumu, akatazama kompyuta, kisha akaniita. "Madam, hii gurudumu ya mbele imelala nje," akasema. "Tairi inaliwa ukingo. Ungekaa wiki mbili tena ungeona waya." Nikautazama ule ukingo uliolika, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kijana wa watu alidhani naona aibu kwa kutolitunza gari. "Usijali, ni kitu ya kawaida," akanifariji.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana jambo hili sijamwambia mtu, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Baba alikuwa fundi wa magari pale Machakos mjini. Uwanja wake wa kazi ulikuwa mbele, nyumba yetu nyuma, na ukiinua macho uliiona milima ya Iveti. Nilikua nikisikia nyundo ikigonga chuma tangu chai ya asubuhi. Harufu ya grisi ilichanganyikana na ya muthokoi wa mama, yale mahindi yaliyokobolewa yanayochemshwa na maharagwe mpaka mtu akate tamaa. Hata leo nikila muthokoi usio na harufu ya grisi naona kama umepungukiwa chumvi.

Baba hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kamba ya katani aliyosokotewa na nyanya, nati kubwa aliyoifunga mwishoni mwa kamba hiyo, na sanduku la vibao. Kujua kama gurudumu limesimama vizuri, aliitundika kamba kwenye bodi ya gari ili nati ivute chini, na kamba iguse rimu kwa juu. Kisha alichomeka kibao chini, kati ya kamba na rimu. Kikipita kwa kubanana, kazi imekwisha. Kikikwama au kikicheza, aliingia uvunguni kuongeza au kupunguza vipande vyembamba vya chuma mpaka gurudumu likubali. Kila aina ya gari ilikuwa na kibao cha unene wake, alichokichonga kwa mti wa mukau na kukitia alama kwa kisu. Cha pikapu kilikuwa na mikato mitatu. "Mtu atakudanganya," alipenda kusema, "lakini kibao hakidanganyi." Watu walileta magari kutoka Muthetheni, wengine hata Masinga, wakiwapita mafundi njiani, ili tu yaguswe na baba. Nami nilitembea shuleni kifua mbele kama kwamba vibao nilichonga mimi.

Jumamosi moja mama alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akaniachia muthokoi jikoni. Nilikuwa na miaka kumi. Alinipa kazi mbili tu: niende nikaokote kuni, na moto usizime. Mimi nikaenda kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wa jirani. Unaujua mchezo wa kati wewe, ukishaingia katikati hukumbuki hata jina lako. Niliporudi moto ulikuwa majivu, mahindi magumu kama kokoto, na kuni hakuna. Baba alikuwa ametoka kutafuta vipuri. Nikaingia kwenye banda lake, nikachota mabaki ya mbao chini ya meza ya kazi, na kwa kuwa hayakutosha nikachota na ndani ya sanduku. Nilijua ni sanduku gani. Nisijitetee hapo. Nilijiambia vibao ni vingi, kimoja hakitatafutwa.

Moto ulipokolea ndipo nikaiona ile mikato mitatu ikiwa myekundu.

Mtoto mwenye akili angelia na kungoja kiboko. Mimi nilichukua kisu cha mama na kipande cha kreti ya mbao ya soda, nikachonga kibao kingine kwa kukumbuka. Nikakikata mikato mitatu, nikakipaka oili chafu na vumbi mpaka kikafanana na ndugu zake, nikakirudisha mahali pake. Jioni ile muthokoi ulisifiwa. Baba aliongeza sahani ya pili, nami nikamwangalia akila.

Jumatatu ilikuja pikapu ya mama mmoja aliyekuwa akibeba maembe kutoka Muthetheni. Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini tairi za mbele zilikuwa mpya, na mama yule alikuwa akizionyesha kwa kila mtu. Baba akapima, akarekebisha, akapima tena. Kibao kikabanana vizuri. Mwenye gari akaondoka akipiga honi.

Haukupita mwezi akarudi. Hakusalimu. Alisimama katikati ya uwanja, wateja wengine wakiwa wameketi kwenye benchi, akaelekeza kidole kwenye tairi zake zilizolika ukingo wa nje mpaka waya zinachungulia.

"Fundi, angalia vile umenifanyia! Tairi mpya! Moja imepasuka njiani, maembe yangu yote ikaoza kwa jua. Kama hii kazi imekushinda, si ungesema?"

"Pole, mwaitu," baba akasema taratibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Wacha niangalie tena."

Nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Baba akatundika kamba, akachomeka kibao. Kikabanana sawasawa, kwa sababu ndicho kile kile kilichokosea mara ya kwanza. Akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akalitazama gurudumu kwa muda mrefu. Akachomeka kibao tena. Akarudi nyuma tena.

"Kwa jicho naona imelala," akasema, kama anayeongea peke yake. "Kwa kibao iko sawa." Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Basi ni jicho langu limeharibika."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ndoo ilikuwa nzito, nikaitua, kisha nikaiinua tena. Baba alimpa yule mama tairi mbili alizokuwa ameweka akiba, akamwomba msamaha mbele ya watu. Tangu siku hiyo hakushika tena kazi ya alaimenti. Aliyemletea gari kwa kazi hiyo, baba alimwelekeza kwa fundi mwingine, akisema macho yake yamechoka. Alibaki kuziba pancha na kubadilisha breki. Wa Masinga waliacha kuja, na wa Muthetheni nao wakajifunza njia nyingine. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Leo pale uwanjani pamejengwa maduka ya simu, na baba tulimzika miaka minne iliyopita. Nyundo haisikiki, na hata milima huioni vizuri kwa ajili ya ghorofa. Vyote hivyo ningevililia kama wanavyolilia wengine utoto wao, machozi yangeisha, maisha yaendelee. Kinachonikosesha usingizi ni kingine.

Miaka michache kabla hajafa nilimpeleka kupimwa macho. Nilimwambia ni kwa ajili ya uzee, lakini nilikuwa nalipa deni ambalo hakujua ananidai. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akacheka. "Mzee, haya ni macho ya kijana. Ya kusoma ndiyo imechoka kidogo tu, na hiyo ni juzi juzi. Hujawahi kuwa na shida ya macho."

Baba hakucheka. Tulipotoka nje alikaa kwenye ukuta mfupi wa maua, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kumbe yalikuwa mazima," akasema. Akanitazama. "Sasa ile pikapu ilikuwa nini, mwanangu?"

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa na kazi yangu, nyumba yangu, watoto wangu ninaowafundisha kusema ukweli. Hakuna kiboko kilichokuwa kikiningoja popote.

"Sijui, baba," nikamjibu. "Labda ilikuwa barabara."

Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akavaa kofia, akanishika mkono, nikamvusha barabara.