Kisu cha Randa Kilichokuwa Jikoni kwa Kapteni

Niliwahi kusimama jikoni kwa kapteni wa jeshi, Makindye, nikimtazama mke wake anakwangua ukoko wa posho, ugali wa Uganda, kwa kipande cha chuma. Na uhai wa mume wangu ulikuwa unategemea kipande kile kile cha chuma.

Msicheke. Au chekeni kidogo, halafu mnisikilize.

Mimi ni Bibiane. Nimefika umri wa kuitwa bibi na kila mtu, hata na makonda. Nachapa hii kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinihimize huko kwenye maoni.

Ilikuwa Kampala, miezi michache baada ya Wahindi kufukuzwa. Tulikaa Kamwokya, mimi na mume wangu Hippolyte, seremala. Wakongo wa Butembo, wakimbizi, hatuna mjomba serikalini wala shemeji jeshini.

Hippolyte alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya Mhindi mmoja. Mhindi akaenda zake, karakana akapewa mkubwa fulani, mkubwa akatia kufuli na vifaa vyote vikabaki ndani. Mume wangu akatoka na nyundo, msumeno na mikono yake.

Basi Jumatatu moja jipu ya jeshi ikasimama mbele ya nyumba yetu.

Akashuka Kapteni Ojara. Mtu mrefu, sauti ndogo, viatu vinang'aa mpaka unaona aibu kwa ajili ya vumbi lako. Alikuwa ameona mahali fulani kitanda alichotengeneza Hippolyte, na yeye akataka cha kwake, kikubwa. Askari wake wakashusha mbao za mvule uani.

"Wageni yangu nakuja Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Jumamosi kama kitanda hapana, wewe utakuja kulala kwetu Makindye."

Akacheka. Na sisi tukacheka, ungefanyaje? Lakini kila mtu Kampala alijua kulala Makindye kambini maana yake nini. Waliolala kule, ndugu zao walikuwa wanagawana nguo zao.

Jipu ilipoondoka Hippolyte akapitisha kiganja juu ya ubao mmoja. Mbao zilikuwa zimetoka kwenye msumeno moja kwa moja, zina nywele kama mbuzi. Bila randa, kitanda kile kingemchoma kapteni vibanzi mwili mzima.

"Rabo," akasema. Sisi randa tunaiita rabo. "Bila rabo mimi ni mtu wa kufa."

Nikamwambia anyamaze, nitaleta rabo. Mdomo wangu, huo.

Wakati huo Nakivubo kulikuwa na duka moja la vifaa lililokuwa gumzo mjini. Bei ya bure, watu walisema. Lilikuwa limepewa askari mmoja wa stoo, Ongom, na anayekaa kaunta ni mke wake, Rosalba. Mama wa watu hakuwa amewahi kuuza hata nyanya. Ukimwuliza bei, na yeye anakuuliza.

Jumatano nilifika nikakuta foleni imetoka nje. Watu wametulia kimya, hakuna anayetaka kumzindua mama kwa kelele. Kila mmoja anabeba anachoweza, anachokihitaji na asichokihitaji.

Nilipofika mbele nikaiona randa. Ya mti, nzito, imekaa vizuri mkononi.

"Hii bei gani, mama?"

Rosalba akaigeuza. "Mimi hapana jua hii. Muhindi alikuwa nauza ngapi?"

Nikataja bei ya fungu la kuni. Akafikiri. Akasema hata kuni ni ghali siku hizi, niongeze kidogo. Nikaongeza, nikatoka mbio, naogopa asije akanirudisha.

Njia nzima nilikuwa najipongeza. Nilimwona Hippolyte akinipokea kama malkia.

Akaipokea. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaingiza kidole kwenye lile tundu la katikati.

"Bibiane. Kisu yake iko wapi?"

"Kisu gani?"

"Kisu ya chuma. Yenye kukata. Hapa umeleta mti tu, mama."

Nikakaa juu ya mbao za kapteni. Mke wa seremala miaka yote hiyo, na sikuwa nimewahi kujiuliza randa inakata kwa kitu gani. Niliona tu maranda yanaruka, nikayafagia.

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Rosalba kabla hajafungua. Nikaingia, nikaangalia kwa macho safari hii. Ndipo nikaelewa kwa nini duka lile lilikuwa rahisi.

Upande mmoja wa duka kulikuwa na rundo la mipini. Mipini ya nyundo, ya patasi, ya shoka, yote imevuliwa vichwa. Upande wa pili, kreti za vichwa na vyuma. Hakuna kitu kizima hata kimoja. Walionunua jana walinunua nusu, na nusu nyingine wameiacha dukani.

"Mama, nani alifanya hivi?"

"Mzee yangu," Rosalba akajibu, na aliona fahari kabisa. "Kwa stoo ya kambi wanapanga hivyo. Chuma na chuma, mti na mti. Wakaguzi wakikuja, wanakuta safi."

Nikamwomba nitafute kisu cha randa kwenye vyuma. Nikapekua kreti zote, mikono ikawa myeusi. Hakuna.

Nikamchorea kwa mkaa kwenye karatasi: bapa, upana wa vidole vitatu, makali upande mmoja.

"Aa, hiyo." Akatabasamu. "Hiyo yote nilimpa Concy, rafiki yangu. Alisema nafaa kukwangua sufuria. Moja ameweka, zingine ametuma kwao Gulu kwa dada zake."

"Concy gani?"

"Concy wa Makindye. Bibi ya Kapteni Ojara."

Sijui nilifikaje Kamwokya. Nakumbuka tu Hippolyte alivyokuwa uani, amevunja chupa na anakwangua mbao kwa vigae. Vidole vinatoka damu. Ubao mmoja ulikuwa umelainika urefu wa mkono mmoja hivi, na ilishakuwa Alhamisi.

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka.

"Huendi," akasema.

"Naenda."

"Utamwambia nini? Kitanda ya bwana yako imechelewa sababu kisu iko ndani ya sufuria yako?"

"Ndiyo. Nitamwambia hivyo hivyo."

Aligombana na mimi kwa Kinande cha kwetu, kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kifaransa, na akifika Kifaransa najua amekwisha. Akachonga mwiko mzuri wa mvule kwa kisu cha jikoni, tusije tukaonekana tunaenda kuomba mikono mitupu.

Ijumaa asubuhi nikapanda kilima cha Makindye na mwiko wangu kwenye kanga. Kila gari likipita nyuma yangu nasogea kando.

Ilikuwa nyumba ya serikali, ua wa michongoma, nyumba za maofisa kushoto na kulia. Wanawake wa jirani walikuwa wameanika nguo, wananitazama. Nikapiga hodi mlango wa jikoni.

Concy alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa ovyo. Binti yake mdogo, Aber, alikuwa amemshika sketi. Redio ilikuwa imewashwa chini sana. Akanikaribisha, akaendelea kukwangua sufuria kwa kisu changu. Nasema changu kwa sababu nilikuwa nimekilipia kwa usingizi wangu.

Lakini hakuwa anatazama sufuria. Alikuwa anatazama barabara.

Nikajieleza. Nikamtolea mwiko kwa mikono miwili. Nikamwambia yote: mbao, randa, Rosalba, kitanda cha bwana wake, Jumamosi.

Akaacha kukwangua.

"Kwa hiyo bwana yako nafanya kitanda bado?"

"Anafanya, mama. Tukipata hicho chuma, kesho kitakuwa tayari. Tafadhali, asimkasirikie."

"Nani asikasirike?"

"Kapteni."

Akamtuma Aber chumbani. Akafunga mlango wa jikoni. Akakisugua kile kisu kwa majivu, taratibu, akakisuuza, akakifuta kwa sketi yake, akanipa.

"Baba Aber walimuita mkutano Jumanne," akasema kwa sauti ndogo. "Dereva yake pia. Hakuna amerudi. Jana nimeona mtu mwingine navaa saa yake."

Nitasema kweli, maana nimezeeka na sina wa kumdanganya. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Hippolyte amepona. Hakuna wa kuja kudai kitanda. Nilitaka kutoka pale nikiimba mpaka Kamwokya.

Kisha nikamtazama usoni. Akaona ile furaha, nina hakika aliiona.

"Majirani hawajui," akasema. "Nawaambia ako safari. Wakijua, watachukua nyumba, na sisi watatupeleka yeye alipo. Mimi nataka siku kidogo tu, nitoke na watoto."

"Mama, mimi nitakusaidia nini?"

"Leta kitanda. Kesho, jua ikiwa juu. Ongea kwa nguvu, kila mtu asikie Kapteni anapata kitanda yake."

Nikatoka na kisu kwenye kanga. Nilishuka kilima nikiwa na hasira, sijui na nani. Ningenyamaza, mume wangu angelala salama. Tukipeleka kile kitanda na ikajulikana tunamsaidia kutoroka, sisi Wakongo wawili, nani angeuliza tumeenda wapi?

Nilifika, nikampa Hippolyte kisu, nikamwambia yote. Sikuficha hata neno.

Alikinoa muda mrefu. Akakipachika kwenye ule mti, akagonga kabari, akajaribu kwenye ubao. Maranda yakatoka membamba, yamejikunja.

"Mwambie jirani tunaazima mkokoteni yake," akasema.

Hayo tu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, na nilimwogopa pia.

Jumamosi mchana tulikisukuma kitanda katikati ya mji, kizima, kichwa chake kimesimama kama mlango. Jasho la Hippolyte si la kusukuma peke yake. Kabla ya kupanda Makindye tukakuta kizuizi. Askari mmoja kijana wa macho mekundu akaweka mkono juu ya ubao.

"Kitanda ya nani?"

"Ya Kapteni Ojara, afande," nikasema.

Askari akanitazama. Akakitazama kitanda. Akapitisha kiganja pale palipolainishwa, mara mbili.

"Kapteni Ojara," akarudia. Sikujua kama anajua. Mpaka leo sijui. "Endeni. Mwambie asinzie vizuri."

Tukaanza kupanda kilima.

Kule ilikuwa maigizo, jamani. Wake za maofisa wametoka vibarazani. Concy kasimama mlangoni amevaa vizuri, kitambaa safi, anagomba kwa sauti. Kwa nini tumechelewa, Kapteni amechoka kungoja. Na mimi najibu kwa sauti, tusamehe mama, mwambie Kapteni miguu tumeikaza kama alivyoagiza. Hippolyte, mtu asiyejua kudanganya hata mtoto, akapiga saluti kuelekea chumba kitupu.

Tulikiingiza chumbani wote watatu, tukakitandika. Concy akakaa ukingoni, akaupapasa ubao. Akalia bila sauti, mkono mdomoni, na mimi nikaendelea kupiga kelele kuhusu skrubu ili nje wasisikie.

Jumanne nilipita pale na kapu kichwani kana kwamba nauza ndizi. Mlango umefungwa, nguo zimeachwa kwenye kamba. Jirani mmoja akaniambia mke wa Kapteni amepeleka watoto sokoni. Nikasema sawa. Sikumwona Concy tena maishani mwangu, na sijawahi kupata mtu wa kuniambia kama basi la Gulu lilimfikisha.

Nilidhani yameisha.

Wiki chache baadaye jipu ikasimama mbele ya nyumba yetu. Ile ile, dereva mwingine. Hippolyte alikuwa anapiga randa, akaganda na mikono juu ya ubao. Mimi nikajua Concy amekamatwa na ametutaja.

"Nyinyi mlifanya kitanda ya Makindye?" askari akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mkubwa yangu amepewa ile nyumba. Amelala kwa hiyo kitanda, anasema hajalala vizuri hivyo tangu azaliwe." Akatabasamu, meno yote nje. "Sasa anataka kabati. Jumamosi."

Kesho yake asubuhi tulipanda gari la Kasese, kisha tukavuka mpaka wa Kongo pale Kasindi kwa miguu. Mbao za kabati tuliziacha uani.

Mnapenda mwishoni mwa simulizi mpewe funzo, haya, langu ni hili. Ule mti wa randa niliupata kwa bei ya kuni kwa sababu kuna mtu alifukuzwa akaacha duka. Yule mkubwa alipata kitanda bure kwa sababu kuna mtu alichukuliwa akaacha nyumba. Nilipokuwa kwenye foleni ya Nakivubo nilidhani nina bahati.

Siku hizi nikiingia duka la vifaa na kukuta bei imeshushwa sana, namwuliza muuzaji mwenye duka wa kwanza yuko wapi. Wanatazamana, wanasema bibi amechoka. Mimi nasubiri wanijibu ndipo nitoe pesa.