Geti la Fundi Cheche

Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuja mjini na begi moja. Begi lilikwisha chakaa, naye alikwisha sahau kwamba alikuja. Ukimsikia anavyojinadi karakanani, miwani ya kazi imekaa kwenye kipaji cha uso, ungedhani alizaliwa palepale juu ya vyuma.

"Mji umejaa," alipenda kusema. "Kila basi linashusha watu, hakuna linalopakia!"

Kwa hiyo kamati ya mtaa ilipotaka geti la kuzuia wahamiaji, Cheche alilitengeneza kwa moyo mkunjufu. Mwenyekiti akatangaza sheria: hahamii mtu mpaka adhaminiwe na mwenyeji. Cheche alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

Wiki haikuisha, mdogo wake akatokea getini. Mafuriko yalikuwa yamemeza shamba na nyumba. Kichwani ana godoro, nyuma yake mkewe mjamzito, na wingu limetanda. Mlinzi akawazuia. Cheche akaja mbio, na kamati nayo ikafika.

"Huyu ndugu yangu, mwenyekiti. Tumbo moja!"

"Sikatai, fundi. Mdhamini nani?"

"Si mimi hapa!"

"Wewe mwenyeji tangu lini? Ulikuja na lori la ng'ombe. Nakumbuka, tulibanana humo."

Mwenyekiti akajiuma ulimi, lakini maji yalikwisha mwagika.

"Mwenyeji ni aliyezaliwa hapa," katibu akadakia haraka. Kisha akarudi nyuma hatua moja, maana yeye mwenyewe aliletwa na mjomba. Mweka hazina aliletwa na ndoa. Wote wakawa wanatazama viatu vyao.

"Mbona Mama Mkaa yupo," mlinzi akasema.

Mama Mkaa alikuwa nje ya geti, amekalia magunia yake ya mkaa. Kamati ilimtoa mtaani kwa kuwa anachafua mandhari, na aliyebeba magunia hayo kuyatoa alikuwa Cheche. Sasa akatoka nje, shingo imeingia mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe macho yamepona, leo umeniona?"

"Nisamehe, mama. Eti ulizaliwa hapa?"

"Hapo kwenye karakana yako palikuwa chumba cha mama yangu."

"Basi naomba umdhamini mdogo wangu. Mvua hiyo inakuja, na mkewe unamuona."

Mama Mkaa akamtazama yule mjamzito. "Pita, mwanangu, ukapumzike. Huyo wa tumboni akizaliwa humu, kamati nzima itampigia magoti. Na mumeo apite."

Wakapita. Cheche akashukuru, akawafuata.

"Wewe unakwenda wapi?" Mama Mkaa akauliza.

"Nyumbani, mama."

"Umedhaminiwa na nani?"

Cheche akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anakagua anga.

"Hakuna, mama."

"Basi kaa hapa kwanza, nifikirie."

Mlinzi, ambaye hajawahi kupata amri kutoka kwa mwenyeji wa kweli, akafunga geti bila ubishi. Matone yakaanza. Mdogo mtu akarudi mpaka kwenye nondo, godoro bado liko kichwani.

"Kaka, samahani. Kwako ni wapi?"

Cheche akapenyeza mkono kati ya nondo, akamwonyesha kwa kidole.