Divai Iliyozeeka Machoni

Kiwandani wote walimwita Shangazi. Alikuwa mkemia wa divai nyekundu, na kazi yake ilikuwa kufuatilia rangi inavyobadilika ndani ya mapipa. Divai changa huwa na wekundu unaoelekea zambarau, kwa kuwa chembe za rangi zilizotoka kwenye maganda ya zabibu bado ziko huru. Miaka ikipita, chembe hizo hushikana na ule ukakasi wa maganda na mbegu, rangi ikawa kama ya tofali.

Asubuhi moja aliinua glasi ya divai ya msimu uliopita mbele ya karatasi nyeupe. Tofali tupu! Bila shaka hewa ilikuwa imepenya kwenye mapipa, ikaiharibu. Hakusubiri vipimo. Alimkimbilia meneja, naye akaamuru mapipa yamwagwe kesho yake.

Aliporudi maabara, mashine ya kupimia rangi ikaonyesha divai changa kabisa.

"Na wewe umechoka?" akaiuliza.

Fundi alikuja, akaikagua, akasema haina neno. Shangazi akadondoshea divai matone ya salfaiti, dawa inayofifisha rangi changa lakini isiyoiweza ile iliyokwisha kushikana. Wekundu ukatoweka karibu wote. Mashine ilikuwa sahihi.

Jioni alimkuta mumewe akikunja nguo.

"Hiyo sweta ya kahawia ya nani?"

Mumewe akacheka. "Kahawia wapi, mama? Zambarau hii! Si uliichagua mwenyewe?" Alipomwona uso, kicheko kikamkauka.

Usingizi uligoma. Mkemia wa rangi asiyeona rangi, nani atamweka kazini? Angeweza kunyamaza tu, divai imwagwe na siri iende nayo. Lakini kulipokucha alikuta mpira wa kumwagia divai umeshafungwa kwenye pipa la kwanza, akajikuta anapiga kelele.

"Msimwage! Divai ni nzima. Mgonjwa ni mimi!"

Meneja akaamuru mpira ufunguliwe. "Shangazi, unajua ulitaka kututia shimo gani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mbio."

Hospitalini daktari alimwambia ni mtoto wa jicho. Vioo vya ndani ya macho yake vilikuwa vimegeuka manjano polepole, kila kitu kikaingia ukahawia bila yeye kugutuka. Akapasuliwa jicho moja. Bandeji ilipotolewa, aliona mapazia ya wodi ni ya buluu, si kijani kama alivyodhani, akalia mpaka nesi akamkataza.

Kazini alipokewa, ila kwa sharti: hakuna pipa litakaloamuliwa kwa macho yake peke yake. Lilimuuma, akalikubali. Jicho la pili bado linasubiri zamu. Hadi leo, akiinua glasi, hufumba jicho moja, kisha jingine, halafu huigeukia mashine roho mkononi.