Piusi Ajiandaa Kufukuliwa

Piusi ni dereva wa watalii hapa Karatu, na kabla hajawabeba wale Wataliano wa Napoli alikuwa mtu mwenye akili zake timamu. Namjua vizuri, maana alimzungukia mdogo wangu Lusia miaka na miaka, akituletea vitunguu vya Mang'ola na kuondoka bila kusema lililomleta.

Wageni wale walisimama naye ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano ya kale, wakamwambia kwao nako kuna mlima wa moto, Vesuvio, wanauona kutoka madirishani. Zamani za kale ulilipuka ukaifunika miji, Pompei na jirani yake Herkulano. Watu walipokuja kufukua, karne nyingi baadaye, wakakuta mkate ungali ndani ya tanuri, mbwa na mnyororo wake, na mtu mmoja amejikunyata peke yake, majivu yameshika umbo lake lote.

Huyo wa peke yake ndiye aliyemmaliza Piusi. Alirudi hataki tena kula ugali jikoni amesimama. Akawa analala na shati lenye kola. Sufuria zake aliziosha zikang'aa, kwa sababu Lengai, mlima wetu wa moto, hauko mbali, na siku ikiamua, wataalamu watakuja na brashi zao ndogo wamkute Piusi katika hali gani?

"Piusi," nikamwambia, "kinachokusumbua si volkano. Ni useja."

"Najua, shemeji," akasema. "Ndiyo maana nimetafuta mshenga."

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Lusia alimpenda, wala hakuficha, lakini alishasema hataolewa baba akiwa amenuna. Na baba ana neno lake juu ya madereva: leo Serengeti, kesho Tarangire, nyumba ikipata shida mwanangu atabaki na nani? Na baba akishasema hapana, habari imekwisha. Hajawahi kubadilisha neno hata kwa padre.

Wakaja Jumapili baada ya misa. Kwetu mwoaji hafungui kinywa siku hiyo. Anakaa pembeni kama mzigo, anayesema ni mshenga. Piusi alivaa koti zito, jua linawaka, jasho linamtiririka. Mshenga wake, mzee Tluway, alianzia mbali kabisa, kwenye mvua na hali ya mahindi, akapita kwa ng'ombe na ukoo, ndipo akafika kwa binti. Alisema vizuri, maneno yalitoka yamepangwa. Lusia akaingia na chupa ya chai, akaketi, macho chini. Baba akavuta pumzi ndefu puani. Naijua pumzi hiyo, ni ya kukataa.

Hapo ardhi ikatikisika. Bati zikalia, vikombe vikacheza kabatini, Bikira Maria akainama ukutani. Baba alikuwa wa kwanza kuondoka; aliruka meza, na mimi nilidhani magoti yanamuuma. Tluway akamfuata na kikombe mkononi. Mlango wetu mwembamba, wakakwama pale wote wawili wakisukumana, nami nyuma yao sina pa kupita, nikageuka kutazama ndani.

Piusi hakukimbia. Alifunga vifungo vya koti, akavuka sebule, akaketi kando ya Lusia, akamshika mkono na kunyoosha mgongo, uso umetulia kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Unafanya nini wewe?" Lusia akamwuliza.

"Kama ni Lengai," akasema, "watukute hivi."

Lusia alicheka mpaka chai ikamwagika. Alicheka machozi yakamtoka, na mkono hakuutoa. Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo, lilishapita. Huko uani kuku wanaendelea kudonoa. Nami nikashindwa kujizuia, nikacheka nimeshika ukuta, raha imenijaa sijui nimkumbatie nani.

Baba alikuwa ameshachomoka mlangoni, amesimama katikati ya uwanja na kiatu kimoja. Akatazama ndani kupitia dirisha. Aliwaona wale wawili walivyokaa, akajitazama na yeye alipo. Tluway akaanza kukohoa, atafute pa kuanzia upya, baba akamzuia kwa mkono.

"Acha, Tluway. Turudi ndani," akasema taratibu. "Aliyebaki na mwanangu ni dereva."